Mzazi Kurudi Shule: Karo ya Kweli Hulipwa na Nani?

Kuna swali ambalo siku hizi linaingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi. Mama wa watoto 4, mwenye umri wa miaka 36, anamwambia mumewe baada ya chakula cha jioni: "Baba watoto, nataka kurudi shule." Au fundi wa magari aliyeishia darasa la 8 anamwambia mkewe kwamba anataka kusoma hadi afanye mtihani wa kidato cha 4. Mwenzake ananyamaza kidogo, halafu anauliza: "Na watoto je?"

Tusilidharau swali hilo. Mara nyingi huwa tunalijibu kwa haraka. Wako wanaosema kwamba elimu ni haki ya kila mtu, kwa hiyo anayeuliza habari za watoto ana wivu tu. Wako pia wanaosema kwamba mtu akisha kuzaa, wakati wake umekwisha, na sasa ni zamu ya watoto kusoma. Mimi ni katekista, elimu yangu ni ya sekondari, na kazi yangu imenikutanisha na wachumba na wanandoa wengi wenye shida hii. Naona kila jibu kati ya haya mawili lina nusu ya ukweli. Hebu leo tuyapime pamoja, tutafute ile nusu nyingine.

ELIMU HAINA UZEE, LAKINI...

Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, mzee Kimani Maruge, ambaye alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, aliingia darasa la 1 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo huko Eldoret. Alikuwa na umri wa miaka 84. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama watoto wenzake, akaketi dawatini. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York, Umoja wa Mataifa, kuwaomba wakubwa wa dunia wawape watoto wote elimu ya bure. Aliaga dunia mwaka 2009. Baada yake tulimwona Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa miaka mingi, akisoma darasa moja na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90. Yeye aliaga dunia mwaka 2022.

Wazee hawa walitufundisha jambo kubwa: hakuna umri wa kuona haya mbele ya kitabu. Wengi wetu tulihitaji kulisikia. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima waliojua kusoma na kuandika hapa Kenya walikuwa asilimia 61.5 tu. Na miongoni mwa waliojua kusoma, wako wengi ambao shule iliwakatikia njiani kwa sababu karo ilikosekana, au kwa sababu mzazi alifariki, au kwa sababu ng'ombe aliyebaki aliuzwa ili kaka asome. Watu hao hawakuacha shule kwa uvivu. Walinyang'anywa kitu, na anayetaka kurudishiwa alichonyang'anywa hastahili kuchekwa kwamba anakwenda "ngumbaru".

Lakini angalieni jambo moja. Mzee Maruge na Gogo Sitienei walikuwa wamekwisha kulea. Mzee wa miaka 84 akienda shule, hakuna mtoto mchanga anayelia nyumbani akingoja uji. Mfano wao unatuonyesha kwamba umri si kizuizi. Hautuambii mama wa miaka 36 afanye nini, naye ana mtoto mgongoni, mwingine chekechea, na wa kwanza anadaiwa karo ya muhula wa pili. Kwa huyo, umri si tatizo. Swali lake ni hili: nitakapokuwa darasani, ni nani atakayelipa?

KARO TATU

Tunapotaja karo tunafikiria fedha. Hiyo ndiyo karo inayoonekana, na kwa kuwa inaonekana, wanandoa huizungumza. Wanahesabu mayai, maziwa, mshahara, mkopo wa chama, wanajua wamefika wapi. Lakini mzazi akirudi shule, nyumba hulipa karo nyingine mbili ambazo hazina risiti.

Karo ya pili ni wakati. Chukueni mfano. Tuseme masomo pamoja na safari na kazi za kuandika yanachukua saa 10 kwa wiki. Kwa wiki 40 hizo ni saa 400. Saa hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilikuwa za kuteka maji, kupalilia, kuosha nguo, kusaidia watoto na hesabu zao, kuketi na mwenzako. Kazi hizo hazikomi kwa sababu mama ameingia darasani. Maji bado yatatekwa, na kuna mtu atakayeyateka.

Karo ya tatu ni subira. Aliyechoka hujibu kwa ukali. Anayesoma usiku kwa taa huamka na macho mekundu, na sufuria ikiungua anahisi dunia yote inamshambulia. Anayebaki naye huona mwenzake yuko nyumbani lakini hayupo. Hii ndiyo karo inayovunja nyumba upesi kuliko ile ya fedha, maana hakuna anayeitaja hadi inapokuwa ugomvi.

Sasa nawauliza: katika nyumba yenu, karo hizi mbili zinalipwa na nani? Wengi watajibu, "Tunasaidiana." Lakini mkichunguza vizuri, mara nyingi mtaona kwamba mlipaji si baba wala mama. Ni binti yenu mkubwa. Yeye ndiye anayetoka shule saa 10 jioni na kumchukua mtoto, anawasha jiko, anapika, anaosha vyombo, halafu anafungua daftari saa 3 usiku akisinzia. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali. Hakuna aliyemshukuru, kwa sababu tumezoea kusema msichana anajifunza kazi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe la dhamiri. Mtoto kusaidia nyumbani ni jambo jema, na ni sehemu ya malezi. Lakini mama aliyeachishwa shule akiwa na miaka 14 ili awalee wadogo zake, kisha akarudi shule kwa kumfanya binti yake wa miaka 14 ashindwe kusoma, hajaliondoa jeraha. Amelihamisha tu. Elimu ya mzazi inayolipwa kwa elimu ya mtoto ni mkopo wenye riba kubwa mno.

WEMA WA WAWILI NA MALEZI YA WATOTO

Je, basi wale wanaosema wakati wa mzazi umekwisha wana haki? La, hawana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inapoeleza ndoa ni nini, inataja malengo mawili kwa pamoja: wema wa wanandoa wenyewe, na kuzaa na kulea watoto. Haikusema kwamba siku mtoto wa kwanza anapozaliwa wema wa wanandoa unafutwa. Mume na mke hawageuki kuwa ngazi ya kupandia watoto, ikisha kupandwa inatupwa jikoni ikawe kuni.

Fikirini pia jambo hili. Siku mlipoahidiana mbele ya padre, kila mmoja alimkabidhi mwenzake maisha yake yote, pamoja na akili yake na vipawa vyake. Mtu akikabidhiwa shamba lenye rutuba halafu akaliacha lote liwe kichaka, hatusemi ametunza amana. Mume anayejua kwamba mkewe ana akili ya uuguzi, au mke anayejua kwamba mumewe angeweza kuwa fundi mwenye cheti, na asijali kamwe, ameacha sehemu ya shamba lake bila kulimwa.

Wala tusidhani kwamba watoto huwa wanapoteza tu mzazi anaposoma. Mtoto anayemwona baba yake akihangaika na hesabu za sehemu, akikosea, akifuta, akianza tena, anapata somo ambalo hotuba haiwezi kumpa. Anajua kwamba kushindwa mara ya kwanza si aibu. Na mama ambaye sasa anaweza kusoma barua ya shule, kadi ya kliniki na maandishi ya mkopo kabla ya kutia sahihi, ameongeza ulinzi katika nyumba nzima.

Kwa hiyo haki ya mzazi na haki ya watoto si maadui wawili wanaopigania mfupa. Zinaishi nyumba moja na zinakula chungu kimoja. Kinachohitajika ni kugawa vizuri, na kugawa kunahitaji wawili kuketi chini.

RUHUSA AU MAPATANO?

Waume wengi huniambia, "Mimi nimemruhusu." Wanasema kwa moyo mzuri, nami nawashukuru. Lakini tulipime neno hilo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba waliooana wana haki sawa katika ndoa. Tukiiacha sheria kando kidogo, hata busara ya kawaida inatuonyesha udhaifu wa ruhusa. Aliyekupa ruhusa Januari anaweza kuiondoa Oktoba, wiki moja kabla ya mtihani, kwa sababu amekasirishwa na shati lisilopigwa pasi. Ruhusa humfunga anayeomba. Haimfungi anayetoa.

Tena kuna ruhusa isiyobeba kitu. Bwana anasema, "Nenda tu, sikukatazi," lakini hajui mtoto anakunywa uji saa ngapi, wala hajawahi kushika kisu cha sukuma wiki. Amemwachia mkewe kazi mbili badala ya moja, halafu mkewe akianguka mtihani anasema, "Niliona mapema." Kutokataza si kusaidia.

Mapatano ni kitu kingine. Katika mapatano kila mmoja anataja atakachobeba. Baba anasema, "Jumanne na Alhamisi mimi nitakuwa nyumbani kufika saa 11, na chakula ni juu yangu." Mama anasema, "Jumapili sitafungua kitabu, siku hiyo ni ya kwetu." Maneno hayo yanawafunga wote wawili, na mmoja akiyavunja, mwenzake ana mahali pa kumkumbusha bila kupiga kelele.

Najua mtu atasema, "Katekista, mila yetu haimruhusu mwanamume kuingia jikoni." Nitamjibu kwa swali. Mila hiyo hiyo ilimpa mama aliyejifungua dada, mashangazi na mama mkwe wa kumsaidia. Leo mmehamia mjini, mnaishi chumba kimoja au viwili, shangazi yuko mbali. Je, ni haki tushike nusu ya mila inayompumzisha mume, na kuiacha nusu iliyompumzisha mke?

HOFU ISIYOSEMWA

Sasa tuguse jambo ambalo wengi hulificha nyuma ya hesabu za fedha. Mume anasema, "Hatuna karo," lakini moyoni anasema, "Akisoma atanidharau." Mke anasema, "Nani atachunga ng'ombe?" lakini moyoni anaogopa kwamba mumewe akipata diploma atatafuta wa kiwango chake. Hofu hii si upumbavu. Kila mmoja wetu amesikia habari za mama aliyeuza mazao yake ili mume asome, kisha mume akaona haya kutembea naye. Na ya baba aliyelipa hadi mwisho, kisha akaanza kuitwa mshamba mbele ya wageni.

Dawa ya hofu hii si kumzuia mtu asisome. Ukimfungia mwenzako dirisha ili asiruke, utaishi na mfungwa, na mfungwa hakupendi. Dawa ni kukubaliana mapema kwamba cheti kitaandikwa jina moja lakini ni cha watu wawili. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 ilikwisha kulitambua jambo linalofanana na hili: inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kumpa mwenzako ushirika na kazi ya shamba kuwa mchango, hata kama hazikuleta shilingi. Mahakama haiwezi kuugawa ujuzi ulio kichwani, lakini dhamiri inaweza. Aliyesoma anajua ni nani aliyekaa macho na mtoto mwenye homa usiku ule wa kuamkia mtihani. Hilo ni deni, na halilipwi kwa neno "asante" la siku moja.

Basi wewe uliye shuleni, chunga ulimi wako. Usimsahihishe mwenzako Kiingereza mbele ya wakwe. Usilete mezani mazungumzo ambayo yeye hawezi kuingia. Mweleze ulichojifunza leo, na mara nyingi utashangaa kwamba yeye anakijua kwa njia nyingine. Na wewe uliyebaki, usihesabu kila kikombe ulichoosha. Msaada unaotajwa kila siku hugeuka kuwa mjeledi.

WAKATI JIBU LA HAKI NI "BADO"

Nisiwadanganye. Zipo nyakati ambapo jibu la haki si "ndiyo". Mtoto mchanga wa miezi 3, mgonjwa wa kuuguzwa nyumbani, deni ambalo mwenyewe anakaribia kuja na mwenye mnada, mtoto aliye katika mwaka wa mtihani mkuu: haya ni mambo mazito. Mzazi anayeyaruka ili akimbilie ndoto yake anadai haki yake kwa kuinyima haki ya mwingine asiyeweza kusema.

Lakini "bado" ina sharti moja: iwe na tarehe. "Bado, mpaka mtoto afikishe mwaka mmoja." "Bado, mpaka tulipe deni Desemba." Bado isiyo na tarehe ni "hapana" iliyovaa nguo ya heshima, na mwenzako anaitambua hata asiposema.

Tena shule si ya aina moja tu. Madarasa ya watu wazima mengi hufanyika mchana au jioni, karibu na nyumbani. Fundi wa muda mrefu anaweza kufanya mtihani wa serikali wa daraja, kuanzia la 3 hadi la 1, bila kuacha karakana yake. Walimu wengi husoma vyuo vikuu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Njia hiyo ni nzuri, lakini kumbukeni kwamba hizo ndizo likizo ambazo watoto nao wako nyumbani. Mwalimu anayefundisha watoto wa wengine muhula wote, kisha akaondoka likizo zote kwa miaka kadhaa, aseme mapema watoto wake watamwona lini.

MAMBO YA KUKUBALIANA KABLA YA KULIPA SHILINGI YA KWANZA

Kwanza, semeni sababu. Ni kupata kazi, ni kupandishwa cheo, au ni kiu ya kujua tu? Kiu peke yake ni sababu halali, lakini mwenzako anastahili kuijua, asije akangoja mshahara ambao hukuuahidi.

Pili, andikeni karo zote tatu: fedha, saa na uchovu. Kando ya kila moja andikeni jina la atakayeilipa. Jina la mtoto likitokea mara nyingi, anzeni upya.

Tatu, wekeni mwisho. "Nitasoma hatua hii, miaka 2, kisha tutaketi tena." Safari isiyo na kituo humchosha hata anayebeba kwa mapenzi.

Nne, wekeni siku moja kwa wiki ambayo vitabu vimefungwa.

Tano, taja zamu ya mwenzako. Huenda yeye naye ana jambo lake alilolizika zamani: kushona, kilimo cha kisasa, au darasa kama wewe. Ukimaliza, ni nini utakachombebea yeye? Asiyeweza kujibu hili bado hajawa tayari kubebwa.

Mpendwa msomaji, shule haikuanza kuvunja ndoa, wala haikuanza kuzijenga. Huyaleta mbele yale yaliyokuwamo tayari. Nyumba iliyozoea kugawana mzigo itaugawana na huu. Nyumba ambayo mmoja hubeba na mwingine hupanda juu, itajulikana muhula wa kwanza tu.

Kwa hiyo kabla hamjaenda kuulizia fomu, fanyeni jambo dogo. Mwiteni mtoto wenu mkubwa, awe msichana au mvulana, mmwulize kwa upole: "Ukitoka shule, kazi zako nyumbani huwa zinaisha saa ngapi, na wewe huanza kusoma saa ngapi?" Msikilizeni hadi amalize, msimkatize. Halafu ketini wawili na karatasi yenu.